Ishirini ya Wodi Nzima

Walimwita Cherehani, na wala hakuwa anashona. Ila alikuwa hawezi kusoma ukurasa mmoja bila miguu yake kukanyaga pedali isiyokuwepo. Ukikaa naye meza moja, meza inatetemeka, kalamu yako inachora milima, na baada ya nusu saa unajisikia kama umepanda basi bovu. Mama yake alikuwa fundi nguo. Utotoni binti alishinda chini ya cherehani, kiganja juu ya ubao wa kukanyagia, na alikuwa akijua kwa mkono tu kwamba uzi unakaribia kukatika, kabla hata mama mwenyewe hajajua.

Mwaka wa kwanza, chuo cha uuguzi kiliwapa fomu ya kupima namna kila mwanafunzi anavyojifunza: kwa macho, kwa masikio, au kwa mikono. Chuo cha uuguzi na fomu, ulimi na mate. Rafiki yake Kaseti, ambaye ukimgusa bega anakusomea ukurasa wa mia na kumi na mbili neno kwa neno, alitoka mtu wa masikio. Cherehani alitoka mtu wa mikono, alama zote, na kwenye masikio akapata sifuri.

"Masikio sifuri!" Kaseti akapiga makofi. "Kumbe ndiyo maana tukikuita chakula kimeiva husikii?"

"Cha kula nasikia. Nyie hamniiti."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu wao hakucheka. Alikuwa mama mwembamba mwenye saa ya kubandika kifuani, na jina lake la chuo, ambalo nadhani alilijua, lilikuwa Madamu Kwanini. Ukimwambia mgonjwa ana homa, atauliza kwa nini. Ukisema ana maambukizi, atauliza umejuaje. Ukinyamaza, atataka kujua kwa nini umenyamaza.

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake," aliwaambia, akikusanya zile fomu. "Lakini fomu hii isiwe kitanda cha kulalia. Uingie kwa macho, uingie kwa mikono, shauri yako. Ukishaingia utanikuta ndani nakusubiri na swali."

Na hakusema tu. Alimfundisha Cherehani vipimo vya dawa kwa vifungo vya shati, na mzunguko wa damu kwa uzi mwekundu na wa buluu uliotandazwa juu ya meza. Binti akaelewa, akaelewa kweli, hata akawa anawaeleza wenzake. Shida ilikuwa karatasi. Akipewa karatasi ya mtihani, mambo yote yaliyomo mikononi yanagoma kupanda kichwani. Mtihani wa kuandika wa mwaka wa tatu alipata arobaini na moja. Uamuzi wa chuo ukawa mfupi: apate sabini kwenye mtihani wa wodini, la sivyo aende nyumbani, moja kwa moja, hakuna kurudia mwaka.

Nyumbani kwenyewe, gauni lake jeupe la uuguzi lilikuwa limeshaning'inizwa nyuma ya mlango. Mama alilishona lote, akaacha pindo limeshikizwa kwa uzi wa muda. "Nitalimalizia siku utakayonipigia simu," alisema, pini mdomoni. "Si kabla. Nguo haitangulii kufaulu."

Sasa lazima niwaambie habari ya ishirini. Mgonjwa wodini hupimwa joto, presha, mapigo ya moyo, na idadi ya pumzi anazovuta kwa dakika. Vitu vingine vina mashine. Pumzi hazihitaji mashine. Zinahitaji saa, macho, na dakika moja nzima ya kusimama kama mjinga huku wagonjwa wengine kumi wanakuita. Hiyo dakika ndiyo hakuna mwenye nayo. Basi zamani sana mtu fulani aliandika ishirini, idadi isiyomtisha mtu. Wa zamu iliyofuata akaandika ishirini. Ikawa desturi. Ukipitia chati za wodi ile, wagonjwa wote wanapumua ishirini, asubuhi na jioni, kama kwaya. Kuna mmoja aliyesharuhusiwa kwenda kwake, na kitanda chake kitupu kikaendelea kupumua ishirini mpaka siku ya pili.

Siku ya mtihani Cherehani alifika wodini mapema. Wasimamizi walikuwa wawili: Madamu Kwanini, na Sista Mkuu wa wodi, mwanamke wa miaka ishirini na sita kazini, ambaye hata madaktari wakimwona wanafunga vifungo vya makoti. Mtihani ulikuwa dakika arobaini na karatasi yenye vipengele thelathini: nawa mikono, salimia, pima, andika, tandika kitanda, na kadhalika. Cherehani alichovya mkono kwenye boksi, akatoa kikaratasi. Kitanda cha tisa.

Moyo ukamruka kwa furaha. Kitanda cha tisa alikuwa Dereva, mzee aliyeendesha malori maisha yake yote, aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga siku sita zilizopita. Juzi alipomsaidia kuoga, mzee alimsimulia habari ya mlima mmoja na lori lililokatika breki, kuanzia sabuni mpaka taulo, bila kuweka nukta. Mgonjwa mchangamfu ni nusu ya ushindi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba... binti yangu." Akatabasamu. "Leo ndiyo... mtihani?"

"Ndiyo leo. Uniombee."

"Nakuombea... usijali."

Akaanza. Joto, sawa. Presha, imeshuka kidogo, akaandika. Nyuma yake kalamu mbili zilikuwa zinaweka alama za vema, na kila alipozisikia alipata nguvu. Miguu ikaanza kukanyaga pedali. Akafika kipengele cha tisa, pumzi. Akatupia jicho chati: ishirini, ishirini, ishirini. Ya alfajiri ile, ishirini, na pembeni yake sahihi ndefu yenye mkia. Sahihi ya Sista Mkuu.

Akashika kifundo cha mkono wa mzee, akaulaza juu ya kifua chake, kama walivyofundishwa. Mgonjwa anadhani unahesabu mapigo, hivyo habadilishi pumzi zake. Kifua kikawa kinapanda na kushuka chini ya kiganja cha Cherehani, na mguu wake ukakifuata. Mguu ulikuwa unakimbia.

Thelathini na mbili.

Akadhani amekosea. Akarudia dakika nzima nyingine. Thelathini na mbili.

"Unapoteza muda," Sista Mkuu alisema. "Vimebaki vipengele ishirini na kimoja."

Angeweza kuandika ishirini. Mkono ungeandika wenyewe, na hakuna ambaye angemuuliza, kwa sababu ishirini ilikuwa imekaa pale safu nzima ikimngoja. Mimi nisingemlaumu. Gauni liko mlangoni, sabini haijapatikana, na mwenye ile sahihi amesimama hatua mbili nyuma yako akikupa alama. Nani atamfunga paka kengele?

Lakini mkono wake ulikuwa umeshajua, na mkono wa Cherehani ukishajua jambo haukubali kudanganywa. Kwa nini? akajiuliza. Homa? Hana. Maumivu?

"Baba, unaumwa mahali popote leo zaidi ya jana?"

"Hapana... mzima tu."

"Hebu nisimulie tena ule mlima."

Mzee akafungua mdomo, akaufunga. "Mlima... ah... kesho."

Hapo mwili wote ukamsisimka. Mtu huyu kukataa kusimulia mlima! Ilikuwa hisia ile ile ya utotoni, ubao unaotetemeka chini ya kiganja, uzi unaotaka kukatika. Akafunua shuka miguuni. Akagusa shavu la mguu wa kulia, kisha la kushoto, taratibu, bila kulikanda. La kushoto lilikuwa la moto na limekaza. Akaingiza mkono mfukoni akatoa futi ya mama yake ya kupimia nguo, aliyotembea nayo kama hirizi, akaipitisha. Kulia, sentimita thelathini na sita. Kushoto, arobaini na moja.

Akageuka. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Sista, naomba daktari. Sasa hivi. Na oksijeni."

"Kwa lipi? Mgonjwa huyu nimempima mwenyewe alfajiri. Ishirini."

Mgonjwa wa kitanda cha nane aliacha kukohoa.

"Kwa nini?" aliuliza Madamu Kwanini.

"Kwa sababu ni thelathini na mbili, Madamu. Nimehesabu mara mbili. Hana homa, hana maumivu mapya. Amelala siku sita baada ya upasuaji. Mguu wa kushoto umezidi wa kulia kwa sentimita tano. Nahofia damu imeganda mguuni na kipande kimepanda mapafuni. Halafu amekataa kusimulia."

"Kukataa kusimulia ni dalili?"

"Kwake yeye, ndiyo."

Sista Mkuu alikuwa ameshachukua kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni. Akakibana kwenye kidole cha mzee. Wote wakakitazama. Themanini na nane, mahali ambapo ingetakiwa tisini na tano au zaidi. Na hapa nitampa mwanamke yule haki yake: hakubishana hata neno moja. Alikimbia. Miaka ishirini na sita kazini, na alikimbia kama msichana, huku akiagiza mtungi, kitanda kiinuliwe, daktari aitwe. Cherehani alimvalisha mzee barakoa ya oksijeni, akamwekea mito mgongoni, akamshika mkono.

"Binti..." mzee akanong'ona ndani ya barakoa, "umefaulu?"

"Nyamaza baba, utamaliza pumzi."

Daktari alikuja koti limepinda, akasikiliza maelezo, akapima mwenyewe, akaagiza sindano ya kuzuia damu kuganda na picha ya mishipa ya mapafu. Kufumba na kufumbua kitanda cha tisa kikawa kinabingirishwa koridoni, na Cherehani amebaki katikati ya wodi na futi mkononi. Alitaka kupiga kelele, alitaka kucheka. Alikuwa amejua! Hakuna aliyemwambia, hakuna ukurasa, alikuwa amejua na akajua amejuaje!

Kisha akaiona saa ya ukutani. Dakika arobaini zilikwisha zamani. Vipengele tisa kati ya thelathini.

Alitoka akakaa kwenye benchi la nje, miguu imetulia kabisa kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Kaseti akatokea wodi ya pili, anang'aa.

"Nimemaliza vyote! Thelathini kwa thelathini! Wangu hana tatizo hata moja, anapumua ishi..." Akaona uso wa rafiki yake. "Kuna nini?"

"Ulizihesabu? Hizo ishirini?"

Kaseti akageuka akarudi wodini mbio, saa mkononi.

Ilipita zaidi ya saa nzima ndipo Cherehani akaitwa ndani. Sista Mkuu alikuwa amesimama katikati ya wodi na chati ya kitanda cha tisa.

"Picha imeonyesha kipande cha damu kwenye pafu," alisema. "Dawa imeanza kufanya kazi. Daktari anasema wangechelewa mpaka jioni, ingekuwa habari nyingine. Sasa hivi mzee anapumua ishirini na nne, na anamsimulia mpiga picha habari ya mlima."

Kisha akafanya jambo ambalo wodi ile haikuwahi kuliona. Kwenye chati hakuna kufuta. Kosa huchorwa mstari mmoja, ili kila mtu aweze kulisoma chini yake. Akalaza chati mezani, akachora mstari juu ya ishirini yake ya alfajiri, akaandika pembeni "haikuhesabiwa", akaweka sahihi ile ile ndefu yenye mkia. Akaenda kitanda cha kumi, akashika mkono wa mgonjwa, akainua saa.

Madamu Kwanini akamwita Cherehani dirishani.

"Vipengele tisa," alisema.

"Najua, Madamu."

"Kitanda hukutandika."

"Kilikuwa kimeondoka, Madamu."

Mwalimu akautazama ule mstari kwenye chati, akanyoosha mkono wake mwembamba. "Pima mapigo yangu."

Cherehani akashika kifundo cha mkono ule, akahesabu. Mguu ukaanza kukanyaga polepole. "Themanini na nne, Madamu."

"Mbona hujaniachia?"

"Bado dakika moja. Nahesabu pumzi."

Dakika ikaisha. Cherehani akafungua mdomo, kisha akakunja uso.

"Ngapi?"

"Ishi..." Akasita. "Ngoja nirudie, Madamu."

Akarudia, sekunde kwa sekunde, macho kwenye saa, na mwalimu akamwacha arudie. Ilipokwisha akainua kichwa, amechanganyikiwa kabisa.

"Ni ishirini. Haki ya Mungu, Madamu, ni ishirini kweli."

Madamu Kwanini akacheka. Miaka mitatu hawakuwahi kumwona akicheka, na alicheka mpaka saa ya kifuani ikawa inaruka.

"Sista na mimi tumekupa sabini yako. Kampigie mama yako simu," alisema akijifuta macho. "Mwambie amalizie pindo."