Maneno Kumi na Tano ya Mzee Stempu

Mzee Stempu alikuwa hachelewi. Kila baada ya miezi sita, siku ya miadi, mtafiti msaidizi akifika na ufunguo wa maabara humkuta keshakaa kwenye benchi la korido, mikono magotini, viatu vinameta. Jina hilo alilipata posta, alikokuwa karani miaka thelathini na miwili. Alipostaafu, akastaafu nalo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo mnanitoboa wapi?"

"Hatutoboi mtu hapa. Ni waya tu."

"Hata mbuzi huambiwa ni kamba tu."

Maabara ilikuwa ghorofa ya tatu ya chuo: chumba cha kompyuta, na kingine kidogo kisicho na dirisha, kuta zake zimefunikwa sponji ili kelele zisiingie. Humo ndimo wazee themanini waliojitolea wakiwa wazima wa afya walikuwa wakipimwa, ili ijulikane akili ya binadamu huzeeka vipi. Mtu huvalishwa kofia yenye vihisi, hupakwa ute wa baridi kwenye ngozi ya kichwa, na kompyuta huchora mawimbi ya ubongo wake. Kisha husomewa maneno kumi na tano, huzungumzishwa mambo mengine dakika ishirini, halafu huulizwa anakumbuka yapi.

Mzee Stempu alikuwa fahari ya mahali pale. Wenzake walikuwa wakipungua, leo neno hili, mwakani lile. Yeye, tangu ziara yake ya pili, miaka minne sasa, hakuwahi kuangusha hata moja. Profesa aliyeongoza utafiti alimtaja darasani kama ushahidi kwamba uzee si lazima uje na usahaulifu.

Siku hiyo msaidizi alikuwa na mafua. Katikati ya kusoma orodha alipiga chafya, akaomba radhi, akaendelea. Dakika ishirini zilipokwisha, mzee alifumba macho.

"Ndoo. Mlima. Sindano. Ukuta. Karanga..."

Akayamwaga yote kumi na tano bila kusita, akavuliwa kofia, akafutwa ute, akaenda zake.

Msaidizi alipoishika karatasi aijaze, aliona kitu. Kila neno alilolisoma alikuwa ameliwekea alama. Kando ya "sindano" palikuwa peupe. Akaisikiliza rekodi ya sauti: mlima, chafya, samahani mzee, ukuta. Alirudia mara tatu. Sindano hakuisoma. Mzee alikumbuka neno ambalo hakuambiwa.

Akafungua mafaili ya nyuma. Tangu ziara ya pili mzee alikuwa akiyataja kwa mpangilio uleule, kama mtoto anayehesabu namba. Kisha akafungua mawimbi ya mzee peke yake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya, maana mawimbi ya watu themanini huchanganywa yakatolewa wastani. Yalikuwa yakififia, na yalianza kufifia miaka miwili iliyopita.

Profesa alitazama skrini muda mrefu. "Orodha moja miaka minne yote," alisema. "Kosa hili ni letu. Mwite, umsomee mpya."

Mzee alikuja wiki iliyofuata, ana wasiwasi kidogo. "Miezi sita imekwisha lini?" aliuliza. Msaidizi alimjibu kwamba kuna kitu cha kurudia tu. Akamsomea maneno mapya, taratibu, akitamka kila moja kama anayempa mtu glasi iliyojaa. Wakazungumza habari za barabara inayochimbwa. Kisha akamuuliza.

"Ndoo," mzee alisema. "Hapana. Hiyo ni ya ile yetu."

Saa ya mezani ikahesabu.

"Taa," alisema. "Ilikuwapo taa?"

"Ilikuwapo."

Hakupata jingine. Jasho lilimtoka chini ya kofia, likachanganyika na ute, likamshukia shavuni. Hakulifuta.

"Mwanangu, rudisha yale yetu."

"Ulijifunza lini, mzee?"

"Siku ya kwanza, palepale kwenye benchi. Niliyaandika nyuma ya kadi ya miadi yale niliyoyakumbuka. Ziara ya pili nikajaza yaliyobaki. Mwanzo ni ubishi tu wa karani. Hakuna anayenishinda kwa orodha." Alicheka, kicheko hakikufika mbali. "Alipofariki mama yao, binti yangu akaanza: baba, hamia kwangu, utaishije peke yako. Nikamwambia maabara ya chuo kizima inasema nina akili timamu. Akasema sawa, siku wakisema vingine, nakuja na gari. Tangu hapo nayasoma kila asubuhi kabla ya chai."

"Na mengine? Ya nyumbani?"

Mzee alitazama sponji za ukutani. "Juzi nilisimama mlangoni kwangu nikabisha hodi. Nikangoja mama yao anifungulie." Akamshika mkono. "Andika kumi na tano. Wewe utapungukiwa nini?"

"Siwezi, mzee wangu."

"Unaweza. Hutaki."

Msaidizi alikaa na fomu ya matokeo siku mbili kwenye droo. Siku ya tatu aliandika: neno moja kati ya kumi na tano, akatia saini, na Profesa akapiga simu kwa jamaa aliyetajwa kwenye fomu ya ridhaa.

Binti wa mzee alikuja siku hiyohiyo, bado ana vumbi la chaki kwenye mkono wa blauzi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alisikiliza maelezo yote amesimama.

"Miaka minne baba yangu anapanda ngazi zenu," alisema. "Mnamvika makofia, mnamwandika. Mimi nilikuwa naona chumvi kwenye chai, naona shati limevaliwa ndani nje, najiambia, wataalamu wamempima, mimi ni nani? Mlikuwa mnaangalia nini?"

Profesa alisema neno kuhusu wastani. Jibu lilikuwapo, katika lile faili la mawimbi, na lilikuwa na umri wa miaka miwili.

Mzee alihamishwa mwisho wa mwezi. Katika makala iliyochapishwa, mzee, mshiriki wa arobaini na moja, aliondolewa, na msaidizi ndiye aliyefuta safu yake. Mchoro ulikaa vizuri zaidi bila yeye. Mstari ulishuka laini, kama ilivyotarajiwa.

Baada ya miezi mitano simu ya maabara ililia. Alikuwa binti.

"Hali nyumbani?" msaidizi aliuliza.

"Tumefunga komeo juu kabisa ya mlango, asilifikie. Anataka kwenda kwake." Alivuta pumzi. "Nauliza tu, dada. Nyinyi mnaosoma ubongo. Hakuna dawa yoyote mnayoijua, hata ya majaribio?"

"Sisi tunapima tu, dada yangu."

"Mnapima tu."

"Ndiyo."

Nyuma ya sauti yake mtu alikuwa akitikisa kitasa, polepole, bila hasira.

"Haya," alisema binti. "Ngoja nikamwangalie."