Si Kabla ya Jumanne
...na pale kwenye siku ya mwisho pako wazi, na pakiwa wazi mashine inaelewa kwamba jambo bado linaendelea, ndivyo tulivyoipanga wenyewe, kila dawa ina siku ya kuanza na siku ya kukoma, isiyo na ya kukoma inahesabiwa hadi leo, kwa hiyo nilipouliza ni washiriki gani wa utafiti bado wanameza vidonge vya presha ikaniletea mama, hana jina humu, ana namba tu, lakini namba hiyo naijua, ilikuwa kwenye kadi aliyoikunja ndani ya pochi yake, basi mama anameza vidonge leo, mzima wa afya, na mimi nimeshamzika... bosi anasema kitu nyuma yangu, ripoti, saa nane, "Huyo mmoja mfunge tu, dada, weka tarehe ya cheti cha kifo tusonge mbele," hajui ni nani, najikaza kisabuni, namwambia sawa, ila tarehe ya cheti ni siku daktari alipoandika, na wafanyakazi wapya wote hapa nawafundisha mimi, siku jambo lilipotokea ni moja, siku tulipolijua ni nyingine, mkizichanganya mtasema dawa imemponya marehemu, wanacheka... usipoijua siku unaweka mipaka miwili, haya, si kabla ya Jumanne, Jumanne ndiyo siku yake ya kunipigia, akasema vidonge nimemeza mwanangu, wewe je, umekula, si baada ya Ijumaa, Ijumaa jirani aliona taa ya nje inawaka mchana kweupe akagonga mpaka akachoka, na hapo katikati hakuna mtu, hakuna hata muuza maziwa, hilo ndilo linaloniuma, kufa kila mtu atakufa, lakini pengo lote hilo, mama yangu, peke yako... ngoja, kile kisanduku cha vidonge, chenye vyumba vya siku za wiki, nilikiosha mwenyewe, Alhamisi vilikuwamo, Jumatano hapakuwa na kitu, na mama hakuwa mtu wa kuruka siku wala kumeza cha kesho, kwa hiyo Jumatano aliamka, akachota maji, akameza, siku ya mwisho ya dawa ni Jumatano, amenipa mwenyewe, hakuna cheti kinachoijua, naweza kuiandika sasa hivi, kishale kwenye skrini kinapepesa tu kinanisubiri, bosi bado yuko nyuma yangu anahema na kikombe chake cha chai, "Vipi, dada, imekubali?" na mimi vidole viko juu ya vitufe havishuki, kwa sababu nimejiona na mimi humo, nikianguka leo nikifika nyumbani, mpaka wangu wa kwanza ataujua nani, sina kisanduku, sina jirani anayetazama taa yangu, aliyekuwa akiuliza kama nimekula ndiye huyu ninayemfunga, watakaonitafuta ni hawa wa ofisini, na watanitafuta siku ripoti itakapochelewa.