Leso Kwenye Benchi

Kiharusi kilipompiga Ah Ma, Kimalei chote kilimtoka. Kikabaki Kihokkien peke yake, Kichina cha wazee wake, na mjukuu wake Gaik Sim, aliyekulia Kuala Lumpur na Kiingereza chake, hakukijua hata cha kuombea maji. Siku nzima wanatazamana kama abiria. Ilimuuma, jamani. Bibi alikuwa huyo mmoja tu, na alikuwa anaisha huku anamwona.

Basi Gaik Sim akaanza kwenda ibada ya Kihokkien, kanisa lile la nyuma ya soko hapo Penang. Alikaa benchi la mwisho. Kikongwe mmoja mwenye kidole kilichokatika akamfungulia kitabu cha nyimbo, akawa anamgusia neno baada ya neno kwa kile kigutu. Mkono ulikuwa wa baridi, lakini kufundisha alijua haswa. Upande wake wa pili aliweka leso ya maua ya buluu, vile wanawake wa pale wanavyowekeana nafasi.

"Hapo anakaa nani?" Gaik Sim aliuliza, Jumapili alipoweza kuuliza.

"Bibi yako. Mwambie aje wiki ijayo, nimechoka kumshikia."

Alirudi nyumbani anachekelea. Mji mdogo, alijiambia, wazee wote wanajuana. Jioni alimkaribisha Ah Ma chakula kwanza, kama mtoto aliyefunzwa adabu, ndipo akafikisha salamu kwa Kihokkien safi. Ah Ma akaweka kijiko cha uji chini.

"Nani kakutuma?"

Akamweleza: kidole, leso, maua ya buluu.

"Guat Kee huyo, dada yangu," Ah Ma alisema, huku analia na kucheka. "Leso hiyo nilimfunga kidevu mimi mwenyewe, kabla hawajafunika jeneza. Hana subira yule tangu utotoni. Haya, ninyooshee ile nguo ya kijivu."

Gaik Sim alitamani ayameze maneno yake. Ndiyo kwanza wamesikilizana, na kumbe amemletea mwito. Jumapili aliwahi kanisani kabla ya mtu yeyote, akaikuta ile leso imekwishawekwa, akaikalia kwa nguvu zote. Nafasi ikiwa na mtu, Ah Ma atakaa wapi?

Kikongwe akaja, akamtazama kwa huruma. Safari hii Gaik Sim alielewa kila neno.

"Na wewe umekuja? Sogea kidogo, mjukuu wangu. Mtaenea wote wawili."