Mlalamikaji Afike Mwenyewe

Birika la kunyweshea punda pale sokoni limekauka tena, nami namkumbuka marehemu baba, aliyekuwa mwendesha mkokoteni. Enzi zile lilipokauka, aliandikia halmashauri barua tatu. Karani akamjibu kwa nyodo, "Mzee, utaratibu ni mlalamikaji afike mwenyewe."

Baba hakubishana. Kesho yake alimwingiza punda wetu hadi mbele ya meza. "Huyu hapa mwenye kiu. Msikilize." Punda akalia, ofisi nzima ikasimama, nami nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Jioni maji yakatoka.

Leo nimepeleka barua yangu ya nne. Karani ni yule yule, sasa kichwa mvi tupu. Alinitambua, akachungulia mlangoni nyuma yangu.

"Umekuja peke yako?"

"Kwa leo," nikamjibu.