Mlango wa Nyuma wa Gari la Kampuni

Chini ya rangi nyeupe kulikuwa na kijani, na chini ya kijani, msasa ulipozidi kula bati, ikatoka buluu. Si buluu ya mbingu wala ya sare za shule. Ilikuwa buluu iliyotiwa majivu, rangi ya moshi wa bomba la kiwanda, na rangi hiyo siwezi kuikosea hata nikiamshwa usingizini. Nikaacha kusugua. Kisha nikaendelea taratibu, kwa ncha za vidole, kama mtu anayempangusa maiti uso, mpaka mlangoni ikajichora alama: gunia lililofungwa shingo.

"Rangi yake ya asili si mbaya," shemeji akasema nyuma yangu. "Tungeirudishia hiyo hiyo."

Niligeuka. Alikuwa anafuta spana kwa kitambaa, ananitazama jinsi mtu anavyotazama maziwa yaliyo motoni.

"Unaijua alama hii?" nikamwuliza.

"Nani asiyeijua? Kiwanda kilitulisha." Akashusha macho. "Kampuni ilikuwa na magari mengi, shemeji."

"Mengi. Lenye wavu wa chuma ndani lilikuwa moja."

Aliendelea kuifuta spana iliyokwisha kung'aa.

Gari lenyewe nililikuta kwenye uwanja wa dalali wa vyuma chakavu, limekalia rimu, nyasi zimechomoza sakafuni na kuku anaatamia mayai kwenye kiti cha dereva. Gari la porini la zamani, la mgongo bapa na taa za mviringo, lililotengenezwa wakati chuma kilikuwa chuma. Dalali alisema lilikuwa la wapima ardhi, na kabla yao la mwenye shamba, na kabla ya hapo asiulizwe. Sikuuliza. Maisha yangu yote nilipanda magari ya watu wengine, tena nimesimama. Nilitaka moja nilifufue kwa mikono yangu mwenyewe, nilipandishe mlima usio na barabara, nizime injini kileleni na nisimpigie mtu yeyote saluti. Wenzangu waliostaafu wanafuga njiwa. Mimi nikaamua kufuga kutu.

"Umeniletea mke mwenza," mke wangu alisema tulipoliburuta hadi uani, "tena bibi kizee."

"Vumilia, dada," kaka yake akamjibu, akicheka. "Huyu hatakuomba nguo mpya."

Ndivyo tulivyoanza. Kila Jumapili shemeji alifika na kopo lake la grisi, na tukafungua kila kilichofunguka. Yeye zamani alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia, na vidole vyake vina subira ambayo mimi sikujaliwa. Nati iliyogoma mimi huipiga nyundo. Yeye huinyunyizia mafuta, akaipa mgongo, akazungumza habari nyingine mpaka ilegee yenyewe. Nilimpenda kwa hilo. Nasema nilimpenda, na mtajua kwa nini nasema hivyo kwa wakati uliopita.

Wapo wanaotuambia tusahau. Ukiwachunguza utakuta ama hawana cha kukumbuka, ama wana cha kuficha. Mimi sikusoma shule ya maana. Sheria za kazi nilizisoma kwenye karatasi za kufungia misumari, herufi moja moja, na nilichokisoma kwa jasho hakinitoki. Nakumbuka mgomo wa kiwanda cha magunia. Nakumbuka vumbi la nyuzi likitujaa mapafuni huku meneja akitueleza kwamba maziwa ya bure yangetuharibu tabia. Nakumbuka tulivyokubaliana kwamba viongozi wasilale majumbani mwao, na kila mmoja akapangiwa mahali. Na nakumbuka alfajiri ile gari la buluu ya moshi lilipopita mahali hadi mahali, bila kupotea njia, bila kubisha hodi pasipo mtu, likiwazoa kama anayechuma nyanya shambani mwake. Kengele, tuliyemwita hivyo kwa sababu sauti yake ilivuka kelele za mitambo, alirudi baada ya miaka akinong'ona. Hakupata tena sauti hadi tulipomzika.

Mtu alisema. Hilo halina ubishi. Na miaka yote nilikuwa nikizungusha nyuso zao kichwani, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli. Uso wa shemeji haukuwahi kuwamo. Yeye siku ile alikuwa mgonjwa kwa shangazi yake.

Jumapili iliyofuata tuliingia nyuma kung'oa mabenchi. Upepo ukaubamiza mlango. Kwa ndani hauna kitasa, una bati tupu, na mbele kuna ule wavu uliochomelewa. Nikaanza kumwita mke wangu atufungulie. Shemeji alikuwa amenipa kisogo, anapambana na skrubu. Bila kuinua kichwa alirudi nyuma hatua, akaubeba mlango kwa bega kutoka chini, akaupiga goti kwenye pembe ya kushoto. Mlango ukafunguka kama uliokuwa ukimsubiri.

Jua likaingia. Tukatazamana.

"Umejuaje?" nikauliza.

"Milango ya magari haya yote ndivyo ilivyo."

"Yote?"

"Ah, shemeji! Mlango ni mlango. Nipe bisibisi hiyo."

Nikampa. Mkono wangu ulikuwa mkavu kama ukuni.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi wa bodi wa mtaa wa pili, mtu ambaye amenyoosha mabati ya magari kama yale tangu ujana wake. Nilimleta hadi uani shemeji akiwa hayupo. Aliufunga mlango, akaufungua, akapitisha kiganja upande wa ndani.

"Hapana," akasema. "Mlango wa namna hii ukifungwa umefungwa. Lakini huu kuna mtu aliuzoesha. Tia mkono hapa. Unasikia shimo? Bati limebonyea, na komeo ndani limepinda. Hiyo si ajali. Mtu aligongagonga hapo, akakaa akigonga mpaka chuma kikasalimu amri."

"Akiwa ndani?"

"Sasa utabonyeza vipi kwa ndani ukiwa nje, mzee wangu?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Kwa hiyo aliwahi kukaa ndani ya gari lile. Na sisi tulioliogopa tulijua habari zake: aliyeingia nyuma yake ama hakuonekana kwa miaka, ama alionekana upesi mno. Shemeji hakuwahi kukosekana kwa miaka.

Kuanzia hapo kila alichofanya nikakipima. Alipocheka, niliuliza moyoni anacheka nini. Aliponyamaza, ndiyo zaidi. Mezani kwangu, akimega chakula cha dada yake, nilimtazama kidole kwa kidole, nikijiuliza ni kipi kilichomwelekeza dereva akate kushoto, akate kulia. Nilimtegea. Nikataja jina la Kengele ghafla nione kama mkono utatikisika. Haukutikisika. Alimeza tonge, akasema, "Mungu amrehemu," akaomba chumvi.

Mke wangu si mtu wa kufichwa jambo. Shemeji alipoondoka alisimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Kaka yangu amekukosea nini?"

"Nani kasema amenikosea?"

"Macho yako. Leo umemtazama kama askari anayetazama kitambulisho."

Nikamweleza: mlango, goti, bati lililobonyea. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo kwake ni geni.

"Basi mwulize," akasema. "Mwulize kama mwanaume. Lakini usije ukamfukuza ndugu yangu hapa kwa dhana tu. Ukimfukuza kwa sababu ya gari, utaondoka nalo mwenyewe, ukalale humo humo." Akageuka kuondoka, kisha akarudi. "Tena akikuuliza na wewe, uwe na jibu."

"Aniulize nini?"

Alikwisha kuingia ndani.

Nilimwuliza Jumapili, kabureta likiwa mezani vipande vipande, vidole vyake vimejaa petroli. Niliuchagua wakati huo makusudi, kwa kuwa hawezi kuinuka na kuondoka mtu aliyeshika sindano ya kabureta.

"Siku ya kukamatwa wenzetu," nikasema, "hukuwa mgonjwa."

Aliipuliza sindano. Akaitazama kwenye mwanga.

"Sikuwa mgonjwa."

"Ulikuwa ndani ya gari hili."

"Siku iliyotangulia. Walinichukua mchana, nikitoka zamu, pale nyuma ya ghala. Hakuna aliyeona." Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuzungumza habari nyingine huku nati ikilegea. "Wakanizungusha. Wakisimama wanauliza, wakiondoka mimi napiga goti. Barabara ile ya mashimo ilinisaidia. Kelele zangu zilimezwa na kelele zake. Jioni waliposimama kununua sigara, ukafunguka. Nikatembea. Sikukimbia, nilitembea."

"Na majina?"

"Sikutaja."

"Unataka niamini kwamba mlango wa kampuni ulifunguliwa kwa goti?"

"Ulifunguka mbele yako juzi."

Hasira ikanipanda.

"Kwa nini hukusema? Miaka yote hii, shemeji! Tumezika watu!"

Hapo ndipo aliponiinulia macho, na sikuwahi kuyaona hivyo.

"Nimwambie nani? Wewe? Wewe uliyesimama juu ya pipa, nami nikiwa mstari wa mbele, ukasema: atakayetoka kwenye gari lile kwa miguu yake, jueni amelipa kwa mdomo wake? Tukakupigia makofi. Mimi pia nilipiga. Jioni niliyotoroka nilikuwa na goti limevimba kama boga; ningefika kwa mtu na kusema nimetoroka, ningemaliza sentensi?"

"Ungetuonya."

"Nilikuja kukuonya." Akaiweka sindano mezani, taratibu sana. "Nilikuja pale ulipopangiwa kulala. Nikagonga. Nikagonga tena. Hukuwepo. Nikajua wamekwisha kukupata, nikaenda kujificha kwa shangazi. Asubuhi nasikia wote wamechukuliwa. Wote, ila wewe."

Kuku wa jirani alikuwa akiparua chini ya chesisi. Nilimsikia kila kucha.

"Ulikuwa wapi, shemeji?"

Jibu ninalo, tangu zamani. Sikuwaamini. Nilipangiwa mahali, na mahali palikuwa panajulikana na watu, na watu wana midomo. Basi nikaenda kulala juu ya marobota ya nyuzi kwenye banda la reli, bila kumwaga siri kwa yeyote. Nilijiona mjanja. Hata sasa naamini nilifanya akili. Lakini nilipolitoa jibu hilo pale uani, mbele ya kabureta lililofumuliwa, lilisikika kama nguo iliyoazimwa.

"Nani alikuona?" akauliza.

"Panya."

Alitikisa kichwa, polepole, bila kebehi. "Na mimi nani aliniona?"

Petroli ikakauka kwenye vidole vyake, ikaacha weupe.

"Ulipolileta gari hili," akasema baadaye, "nililijua kabla hujagusa msasa. Mguu wangu ulilijua. Nikasema ngoja, nitakuja kila Jumapili, nione atalitazamaje. Mtu aliyewahi kukaa mbele hulitazama tofauti na mtu aliyewahi kukaa nyuma. Nikakuchokoza kwa maneno ya rangi."

"Ukaonaje?"

"Ulipoiona ile alama uligeuka mweupe. Lakini mwenye hatia hugeuka mweupe vile vile."

"Na goti? Ulilipiga makusudi?"

"Hilo lilijipiga lenyewe." Akakunja uso, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona umri wake. "Sikulala siku hizo. Nilisema sasa atajua, na atajua vibaya."

Nilitaka kumwamini. Nataka hilo lieleweke. Lakini mimi nimeishi kwa kutoamini, na nikilivua hilo sijui chini yake kuna rangi gani. Kati ya wenzetu waliochukuliwa hakuna aliyebaki hai wa kuulizwa. Kampuni ilihama na mafaili yake, meneja akafa kitandani akipigiwa upepo na wajukuu. Waliobaki wanaojua tulivyokuwa ni wawili, na kila mmoja shahidi wake ni yeye mwenyewe.

Mke wangu alitoka na chai, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akaweka vikombe viwili, akaondoka bila kuuliza. Kaka yake akaliunganisha kabureta. Jioni aliosha mikono, akachukua kopo lake.

"Jumapili kuna breki," nikasema.

Alisimama langoni. "Breki zinataka watu wawili."

"Ndiyo."

Alikuja. Niseme kweli, hadi nilipoisikia sauti ya lango sikujua kama ningependa aje au asije. Gari lilikuwa juu ya magogo, magurudumu tumeyavua. Kutoa upepo kwenye mabomba ya breki ni kazi ya mmoja kukaa kitini akikanyaga, na mwingine kulala chini akifungua nati ndogo iliyo nyuma ya gurudumu. Anayelala chini haoni mguu, na anayekanyaga haoni mkono. Kila mara, kwenye kazi za namna hii, mimi ndiye ninayekaa juu. Shemeji alikwisha kutandika gunia lake kuukuu alalie.

Nikalichukua gunia. "Panda wewe."

Akapanda. Nikasikia kiti kikilia, chuma kikahema, na mzigo wote ukashuka kidogo juu ya magogo. Nikajisukuma kwa mgongo mpaka uso wangu ukawa chini ya ekseli, puani harufu ya grisi na udongo. Kwa chini bati halikupakwa rangi yoyote. Lilikuwa jeusi tu.

"Kanyaga," nikasema. "Shika."

"Nimeshika."

Nikaifungua nati robo. Mafuta yakachuruzika mkononi, yamejaa mapovu.

"Vipi?" akauliza kutoka juu.

Nikaifunga.

"Bado kuna upepo. Achia. Kanyaga tena."