Kifuniko Kilichobaki Dinan

Safari ilianza Columbia Heights, Amerika, Jumapili saa mbili asubuhi, kwa sababu Kerubo ni Msabato na Jumamosi huwezi kumtoa kanisani hata kwa winchi. Goretti, Mkatoliki, alikuwa amesali misa ya Jumamosi jioni. Jedidah, mwenye gari, hakuulizwa. Jumatatu ilikuwa sikukuu, na wote watatu, watunzaji wa wazee katika nyumba moja, walikuwa wameomba ruhusa tangu Juni.

Wazo lilikuwa la Goretti. Kerubo hawezi kutoka Amerika: ombi lake la hifadhi ya ukimbizi lina miaka kumi na miwili mezani kwa maofisa, na akivuka mpaka litahesabiwa kuwa amelitupa. Binti yake Keziah, aliyemwacha nyumbani Nyamira kwa bibi yake akiwa na miaka kumi, sasa anafanya kazi Dinan, Ufaransa, na mara mbili amenyimwa viza ya kuja kumwona. "Basi tukupeleke Ufaransa ya hapa," Goretti alisema, akaandika majina ya miji ambayo Wafaransa wa zamani waliiacha kando ya mto: Mendota, Frontenac, Prairie du Chien.

Mendota walipiga picha mbele ya nyumba ya mawe. Frontenac walikunywa chai ya thamosi, Goretti akilalamika kwamba hajaona Mfaransa hata mmoja. Kerubo alipakata bakuli la chapati lenye kifuniko cha buluu. Hajui kwenda popote mikono mitupu.

Mbele ya Frontenac barabara inakata kona kando ya ziwa. Jedidah aliikata, wakakuta ukuta wa mawe, mnara wa kanisa na barabara ya vijiwe. Saa za simu ziliruka kutoka saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kibao kilisema Dinan.

"Kwani parking ya huku inalipwa Sunday?" Goretti aliuliza.

Kerubo hakufungua mlango. "Jedidah, nisije nikaharibu case yangu."

"Border gani tumevuka? Mimi ndiye nime-drive."

Hilo lilimtosha, akashuka. Keziah alikuwa akitoka kazini, mkate kwapani, amempita mamake kwa kichwa kizima.

"Mama," akasema, "mmekula?"

Kerubo alikuwa na maneno aliyoyapanga kwa miaka kumi na miwili. Aliyasahau yote, akalia, akafuta machozi kwa leso, kisha akamwambia nywele zake zimekauka.

Usiku mama na binti walibanana kwenye kitanda cha mtu mmoja. Jumatatu Kerubo alikaa kwenye ngazi za mawe, Keziah katikati ya magoti yake, akamsuka. Kazi ya saa moja aliifanya kwa saa tatu, na hakuna aliyemharakisha. Goretti alinunua kofia isiyomfaa.

Saa kumi na moja jioni Keziah alifunga begi, akaketi nyuma karibu na mamake, akajifunga mkanda. Neno viza halikutajwa. Kerubo alimshika mkono wakaupita mnara, wakaupita ukuta, mpaka kwenye kona. Ziwa lilipotokea, ilikuwa saa nne asubuhi, na mkono wa Kerubo ulikuwa umeshika kitambaa cha kiti. Mkanda ulikuwa bado umefungwa.

Simu ililia. "Mama, nimebaki kwa kona. Nitarudi na basi."

"Begi unalo?"

"Ninalo. Na kifuniko chako kimebaki kwangu."

Jedidah aligeuza gari akaikata kona ile mara mbili zaidi. Mara zote palikuwa na ziwa tu. "Leo wamefunga," Goretti alisema taratibu, akaivua ile kofia. Kerubo aliumia kuliko siku ile alipomwacha Nyamira, maana sasa alijua mkono wa binti yake mtu mzima una uzito gani. Pajani pake bakuli lilikuwa limejaa matufaha, limefunikwa kwa leso. Keziah hakulirudisha tupu. Bibi yake alimlea vizuri.

Jumanne ilikuja barua. Ombi lako linashughulikiwa, tafadhali endelea kusubiri. Kerubo aliiweka juu ya zile nyingine, akaomba ruhusa ya wikendi ndefu ya Novemba, akala tufaha la mwisho na kuosha bakuli. Alilifunika kwa sahani. Dukani vifuniko vipo tele, lakini hakununua kingine.