Badria Hakungoja Februari

Dokta Euphrasia alipomaliza kumsomea majibu ya damu, Badria aliuliza swali moja tu.

"Nikianza dawa Februari, kuna ubaya gani?"

Ilikuwa wiki ya pili ya Oktoba. Badria alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kwa miaka kumi na sita alikuwa akiuza vifaa vya ushonaji Kariakoo: vifungo, zipu, nyuzi, mipira ya kiunoni. Frem yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba wateja wawili wakiingia, wa tatu anasubiri barabarani. Kuanzia katikati ya Novemba mpaka shule zinapofunguliwa Januari, mafundi kutoka Mbagala mpaka Bunju walimiminika kwake kutafuta zipu za sketi na vifungo vyeupe vya mashati ya shule. Hakuwahi kukosa hata siku moja ya msimu huo, hata mwaka aliokuwa na mimba ya binti yake, Sitara.

"Mama Sitara, ubaya upo," alisema daktari. Alikuwa mwanamke mfupi, bingwa wa magonjwa ya viungo, asiyekuwa na haraka ya maneno. Alinyanyua picha ya eksirei ya mikono ya Badria kuelekea dirishani. "Ila bado hauonekani hapa. Mifupa yako ni safi. Hii ni baridi yabisi ya rumatoidi. Kinga ya mwili wako imekosea adui, inashambulia viungo vyako mwenyewe. Tukiiacha, inaanza kula mfupa, na mfupa ukishaliwa haurudi. Dawa haitengenezi kilichoharibika. Inalinda kilichopo."

"Kama mifupa ni safi, basi si nina muda?"

"Ndiyo maana leo ni siku nzuri ya kuanza."

Badria alicheka kidogo. Alijua kumtambua mtu anayejua kuuza.

Daktari alimweleza dawa yenyewe. Vidonge vya methotrexate, mara moja kwa wiki. Alirudia mara mbili: kwa wiki, si kwa siku, maana kukosea hapo kunaweza kuua. Siku nyingine ya wiki atameza vidonge vya vitamini ya foliki ili kupunguza maudhi ya dawa hiyo. Kabla ya kuanza watapima ini, figo na wingi wa damu, na wataendelea kupima. Mimba hairuhusiwi kabisa.

"Nina kijiti," alisema Badria, "na mipango hiyo niliifunga zamani."

"Vizuri. Siku ya dawa na kesho yake wengine hupata kichefuchefu. Nafuu ya dawa hii huanza kuonekana kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili. Hapo katikati tunaweza kukupa vidonge vingine vya muda mfupi vya kutuliza uvimbe."

Badria akapiga hesabu. Akianza sasa, kichefuchefu kitamkuta Novemba, frem ikiwa imejaa watu, na nafuu itafika msimu ukiwa unakaribia kwisha. Haikuingia akilini.

"Ningekuwa mimi, ningeanza wiki hii," alisema Dokta Euphrasia. "Lakini mwili ni wako. Kafikirie, zungumza na mzee nyumbani, urudi na maswali yako yote. Usikae sana tu."

Siku hizo asubuhi za Badria zilikuwa hivi. Akiamka, vidole vilikuwa kama vya mtu mwingine. Hakuweza kukunja ngumi. Kufuli la frem alilifungua kwa mikono miwili, ufunguo umebanwa katikati ya viganja. Akimeza kidonge cha maumivu, diklofenaki, na chai, kufikia saa tano vidole vinalegea, anakata mpira, anahesabu zipu, anatania wateja. Na kila siku ikifika saa tano alijiona amepona.

"Mbona mikono yako inafanya kazi vizuri tu?" aliuliza Anaeli, jirani yake wa frem ya pili, mama wa Machame aliyekuwa akiuza vitambaa vya sare. "Halafu hiyo dawa si ndiyo ile ya kansa? Mwenzangu, usijiingize huko. Nywele zitakwisha."

"Dokta anasema ya kansa ni dozi kubwa mno. Hii ni ndogo."

"Haya, lakini subiri kwanza. Umalize msimu."

Badria alipenda kusikia hivyo, kwa sababu ndilo alilokuwa ameshaamua.

Jumamosi mchana alifunga mapema akaenda Ilala, kwenye karakana ya mumewe. Zahoro alikuwa fundi makochi. Alikuwa kiziwi tangu ana miaka minne, alipougua homa ya uti wa mgongo. Walikutana pale pale Kariakoo, miaka ile Badria ameajiriwa kwenye duka la shangazi yake, Zahoro akija kununua uzi mnene wa makochi na kumwonyesha kwa vidole anataka roli ngapi. Baada ya miezi kadhaa Badria alianza kujifunza lugha ya alama, akijidanganya kwamba ni kwa ajili ya biashara. Sasa walikuwa na miaka kumi na minne ya ndoa, na nyumbani kwao kelele zote zilikuwa za mikono.

Hakuwa amemweleza kitu. Alichomwambia ni kwamba vidole vimechoka na anaenda kupimwa.

Zahoro alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi, nywele zimejaa vumbi la sponji. Badria alisimama mahali ambapo kivuli chake kingemwangukia. Aligeuka, akatabasamu, akauliza kwa mikono, "Daktari amesemaje?"

Badria akaanza kumweleza. Kwamba ni ugonjwa wa viungo, wa muda mrefu, kwamba kuna dawa, kwamba ataanza Februari. Zahoro alikunja uso.

"Rudia. Utaanza nini?"

Akarudia. Kidole cha shahada hakikunyooka vizuri, alama ikatoka nusu.

"Sijaelewa. Rudia tena."

"Dawa! Nimesema dawa!" Aliisukuma alama ile hewani kwa hasira, na maumivu yakapanda mpaka kiwikoni. Akashusha mikono.

Zahoro alijifuta viganja kwenye suruali, akavuta stuli mbili, akatoa simu.

Kila siku, kama saa saba, Badria alikuwa na kawaida ya kuegesha simu yake kwenye boksi la vifungo na kumtumia mumewe video: mteja fulani kafanya nini, Anaeli kagombana na nani, jioni wale nini. Zahoro hakuwa akizifuta. Alirudi nyuma mpaka mwezi wa tatu, akampa simu.

Badria alijiona akisimulia habari ya mama aliyerudisha zipu aliyoivunja mwenyewe. Video ilikuwa ya dakika nne. Mikono yake ilikuwa inaruka, vidole vinafunguka na kufumba, anamwigiza yule mama mpaka mabega. Alijikuta anacheka.

Zahoro akagusa video nyingine, ya Mei. Dakika mbili. Mkono wa kulia ulikuwa unafanya kazi kuliko wa kushoto. Ya Julai, dakika moja, na gumba lilikaa limejibana kwenye kiganja muda wote. Ya Septemba, mkono mmoja tu, mwingine umelala juu ya kaunta. Ya wiki iliyopita ilikuwa ya sekunde sita. Alinyooshea kidole mfuko wa mchele, akaonyesha saa kumi na mbili, basi.

Badria aliitazama ile ya mwisho mara tatu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetoa maagizo.

"Umeona tangu lini?" aliuliza.

"Mwezi wa tano."

"Mbona hukuniambia?"

Zahoro alitazama sakafu, kisha akanyanyua mikono. "Zamani ulikuwa unanisimulia. Baadaye ukawa unanitumia taarifa. Nilidhani umechoka kuzungumza na mimi."

Badria alimshika mikono, akakumbuka kwamba akimshika hawezi kumjibu, akamwachia. Alitaka kusema mambo mengi na vidole havikuruhusu. Akasema machache, polepole, kila alama akiimalizia.

"Sijachoka na wewe. Ninaumwa. Sikujua."

"Sasa najua," alisema Zahoro. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Na Februari je?"

Badria alikuwa anapiga hesabu upya. Alikuwa amemwomba daktari miezi minne, kana kwamba ugonjwa ulianza siku ya majibu. Kumbe ulikuwa umeshachukua miezi mitano bila kumwomba mtu ruhusa. Ukichanganya na minne, inakuwa tisa. Na picha ya eksirei bado ilikuwa safi. Hiyo ndiyo bidhaa aliyokuwa nayo mkononi, na yeye alikuwa anataka kuiacha juani mpaka msimu uishe. Angemwona mfanyabiashara mwingine anafanya hivyo, angemcheka.

"Hakuna Februari," alimwambia. "Jumatatu narudi kwa daktari. Na wewe unakuja."

Jumatatu alifika na karatasi yenye maswali tisa, Zahoro ubavuni mwake. Dokta Euphrasia alikaa upande ambao Zahoro angemwona usoni, akasema kidogo kidogo ili Badria apate nafasi ya kutafsiri. Badria aliuliza kuhusu nywele. Baadhi ya watu hupungukiwa kidogo, aliambiwa, wengi hawapati hilo. Aliuliza kama atatumia milele. Muda mrefu, pengine miaka, na wataipunguza hali ikituama. Aliuliza kama anaruhusiwa kuchagua siku.

"Siku yoyote, ilimradi iwe hiyo hiyo kila wiki."

"Basi Jumamosi jioni. Jumapili frem yangu haifunguliwi."

"Umeshaipangia kazi," alisema daktari.

Zahoro naye alikuwa na swali. Badria alilitafsiri huku akiona haya: mume wake anataka kujua afanye nini asubuhi, mkewe anapokuwa hawezi kushika kitu. Daktari akamjibu yeye mwenyewe, akimtazama machoni: maji ya uvuguvugu kwenye beseni, mikono ikae humo dakika kumi, asimharakishe. Zahoro aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekabidhiwa kazi.

Damu ilipimwa, majibu yakaja mazuri, na Jumamosi hiyo Badria akameza vidonge vyake vya kwanza mbele ya mumewe na binti yake. Sitara, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza mtihani wa darasa la saba, aliandika "JUMAMOSI TU" kwa kalamu nene kwenye boksi la dawa.

Jumapili ya kwanza alitapika mara mbili. Ya pili alikunywa chai ya tangawizi, akalala mpaka adhuhuri. Vile vidonge vya muda mfupi vilimpa nafuu ya haraka, akaanza kujisifu, na Dokta Euphrasia akamwonya kwamba hiyo si nafuu yenyewe bado. Kweli, Novemba ilipoisha na vile vidonge vikapunguzwa, ugumu wa asubuhi ulirudi, na kuna siku alikaa kitandani akijiuliza kama amejitesa bure. Msimu nao ukaanza. Anaeli, ambaye aliambiwa ukweli wote bila kufichwa, alinuna siku moja, kisha akawa anakuja kila asubuhi kumfungulia kufuli kabla hajafungua lake.

Katikati ya Desemba vipimo vilionyesha ini limelalamika kidogo. Daktari alisimamisha dawa wiki mbili, akaianzisha tena kwa dozi ndogo. Badria hakuyumba. Alikuwa ameshaamua, na wiki mbili hazikumwondolea uamuzi wake. Siku za msimu alizokosa zilikuwa nne, na frem haikufungwa hata siku moja, kwa sababu Zahoro alisimama kaunta akiuza kwa vidole, na mafundi walimwelewa vizuri tu.

Mabadiliko yalipokuja, hayakuja kwa kishindo. Wiki ya pili ya Januari aligundua kwamba tayari amesuka nywele za Sitara upande mmoja, na hakukumbuka kuanza. Ugumu wa asubuhi ulishuka kutoka saa kadhaa hadi kama robo saa. Kidole cha pete cha mkono wa kulia kiligoma, na kinagoma mpaka leo. Vingine vilirudi kazini.

Wiki hiyo hiyo yeye na Zahoro waligombana. Sitara alikuwa amechaguliwa kuingia shule ya bweni, mbali, na Badria alitaka aende. Zahoro hakutaka. Yeye alipelekwa bweni la watoto viziwi akiwa na miaka saba.

"Taa ikizimwa hakuna anayeona mikono yako," alisema. "Unabaki peke yako mpaka asubuhi."

"Sitara anasikia! Atapiga soga gizani mpaka matroni amfukuze!"

"Ana miaka kumi na mitatu!"

"Mimi kwa umri huo nilikuwa napika pilau ya watu arobaini!"

"Uongo! Mama yako aliniambia uliiunguza!"

Mikono minne ilikuwa inapishana juu ya sinia la wali, mmoja hamalizi mwingine anadakia, mpaka bilauri ya maji ikaanguka na hakuna aliyeiokota. Sitara aliwatazama huku akila, akipima ni nani anaelekea kushinda.

"Mmemaliza?" aliuliza hatimaye, kwa mdomo na kwa mkono wake wa kushoto. "Samaki anapoa."

"Bado," alisema Badria, akamgeukia mumewe.